Mchumba Wangu Si Bwana Shamba

Sumbawanga, Machi 1977

Mpendwa Mama Bertilla,

Shikamoo mama, na pole kwa kubeba kila wiki shida za watu usiowajua, leo naomba unibebee na yangu maana nimejifunga kamba mwenyewe na sasa sioni pa kuifungulia. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha, lakini jina langu naomba sana usilitaje gazetini, sababu utaiona mbele.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Milanzi hapa mjini, ila kwetu ni kijijini, ukipita Kasense unakwenda ndani kidogo. Baba yangu ni mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, ni mtu wa kuheshimiwa, akisema neno watu wanalifuata, kusoma amejifunza ukubwani kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima na tangu ajue herufi hashikiki, gazeti likifika analisoma kwa sauti mbele ya ofisi ya kijiji watu wamekaa wanasikiliza, na ukurasa wanaoudai kwanza, kabla hata ya habari za Chama, ni huu wako.

Nina mchumba, nitamwita Asajile ingawa siyo jina lake, ni mtu wa Mbeya, dada yake anafundisha shule moja na mimi na ndiko tulikojuana alipokuja kumtembelea likizo. Ana adabu, hanywi kupita kiasi, hajawahi kunipandishia sauti, na mimi nampenda mama, nasema wazi, nikimkosa sijui nitaishi vipi. Anafundisha chuoni huko Dar es Salaam, na kazi yake ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Asajile alisomea Amerika, na anachofundisha ni vitabu vya huko, vya Amerika zote, ya kaskazini na ya kusini na vile visiwa vya katikati, anakilinganisha kitabu hiki na kile, kisha vyote anavilinganisha na muziki wa watu wa kawaida, yaani nyimbo za kwenye santuri na za kwenye kumbi za dansi. Wenzake wanakwenda shambani au ofisini, yeye anasoma vitabu tu, anasikiliza santuri tu, Jumamosi anakwenda dansini pale bendi zinapopiga, watu wanacheza, yeye kakaa pembeni na penseli anaandika tu. Hata huko chuoni kwao wapo wasiojua wamweke wapi, watu wa vitabu wanamwona ni wa muziki na watu wa muziki wanamwona ni wa vitabu, na wengine wanamwuliza taifa linalojitegemea lina haja gani na mambo ya Amerika, naye anawajibu kwamba walionyonywa kule ni ndugu zetu hasa. Mara ya kwanza aliponieleza nilicheka nikidhani ananitania. Hakukasirika, aliniambia hivi: "Wale waliolimishwa pamba hawakuwa na gazeti wala mahakama, malalamiko yao waliyaweka kwenye nyimbo. Wajukuu zao ndio walioandika vitabu. Mimi nasoma kitabu, sikio nimelitega kwenye wimbo." Hapo nikaelewa kidogo, lakini kuelewa mimi ni jambo moja na kumweleza baba ni jambo jingine.

Basi nilikwenda nyumbani kuwaambia wazazi kwamba kuna mtu anataka kuleta posa. Mama hakuwa na neno. Baba aliposikia ni mtu wa Mbeya akanuna, aliposikia ni Mmoraviani akasimama kabisa, akauliza vijana Wakatoliki wa Ufipa wamekwisha lini. Halafu akauliza huyo mtu anafanya kazi gani. Nikaanza kueleza, nikasema alikwenda Amerika kusomea habari za wakulima wa pamba, na nilikuwa naendelea kusema na nyimbo zao na vitabu vyao, Mungu shahidi yangu, lakini nikauona uso wa baba unafunguka, akakaa tena kwenye kigoda, nami nikanyamaza hapo hapo. Sikudanganya mama, kila neno lilikuwa la kweli, nilikata tu maneno katikati. Baba akamgeukia mama akamwambia kwa Kifipa kwamba mtaalamu wa kilimo aliyesoma Amerika hakatazwi mlangoni hata akiwa Mmoraviani.

Yangeishia hapo wala nisingekuandikia. Sisi Ufipa tuna kilimo chetu cha matuta, wakati mvua bado zipo na majani bado mabichi tunayakusanya na kuyafukia chini ya udongo, tunainua tuta la mviringo, majani yanaoza humo ndani mpaka msimu unaofuata ndipo tunapanda. Sasa tulipohamia kijiji kipya tuliagizwa shamba la kijiji tulilime kwa kamba, mistari iliyonyooka, matuta tuyaache, na mwaka huu mahindi ya shamba hilo yametoka ya njano, mafupi, unayatazama unaona aibu. Kijiji kimegawanyika, wazee wakiongozwa na Mzee Tadei wanataka turudie matuta, wengine wanaogopa kuonekana wanapinga agizo, na bwana shamba wetu haonekani kwa sababu pikipiki yake haina petroli. Baba akasimama mkutanoni akatangaza kwamba wasigombane, mkwe wake mtaalamu kutoka Amerika anakuja Pasaka, ndiye atakayeamua, na mpaka hapo mtu asiguse jembe shamba la kijiji. Wakapiga makofi. Wamekwisha fyeka njia, na akina mama wamepangiana zamu ya kupika pombe ya ulezi ya kumpokea.

Mama, mvua zinaelekea kuisha. Pasaka ikifika ardhi itakuwa imeanza kukaza na majani yamekauka, hata wakiambiwa wainue matuta hayatainuka vizuri. Jumapili iliyopita nilikwenda kusali nyumbani, Mzee Tadei akanisimamisha nje ya kanisa akaniuliza mkwe yuko wapi, hawezi kuja mapema, nikamwambia ana kazi nyingi, mzee wa watu akanishukuru akaenda zake. Siku hiyo sikula.

Na Asajile hajui lolote. Ameniandikia kwa furaha kwamba amemnunulia baba gramafoni na santuri, atakuja nazo kwa treni mpaka Tunduma halafu apande lori. Hebu nishauri mama, nimwombe Asajile asome kidogo mambo ya kilimo, aje aseme hata maneno mawili ya samadi na mbolea halafu aondoke, au niwaambie nyumbani kwamba amebadilishwa kazi, au safari iahirishwe mpaka mwakani watu wasahau? Nikisema ukweli baba ataaibika mbele ya kijiji kizima na uchumba utakufa siku hiyo hiyo. Nisaidie, silali.

Mimi Mwalimu,
Sumbawanga.

*

Mwalimu,

Marahaba, mwanangu. Pole, na sasa kaa chini nikuseme.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini hebu niambie, katika mkoa mzima wa Rukwa wako wenyeviti wangapi wanaomsubiri mkwe mtaalamu wa pamba kutoka Amerika? Jina umelificha, uso umeuacha nje. Baba yako akianza kusoma barua hii kwa sauti, hatafika aya ya tatu kabla kijiji kizima hakijageuka kumtazama. Hilo ulilijua ulipokuwa unaandika, mwalimu mzima, na mimi nadhani sehemu fulani ya moyo wako ilitaka iwe hivyo, gazeti liseme kwa niaba yako. Mimi siyo mshenga wako.

Unasema hukudanganya, ulikata maneno tu. Mtoto darasani kwako akikuletea jibu la namna hiyo ungemwambiaje? Ulimwacha baba yako aamini jambo ambalo ulijua si kweli, ukaona limekufaa, ukalitunza. Kwa Kiswahili changu huo ni uongo, na wala siurembi.

Hata hivyo, uongo wa kumfurahisha baba ili akubali posa ningekukemea kidogo tu na kukuacha, maana mabinti wengi wamefanya mabaya zaidi. Kinachonikasirisha ni yale majembe. Watu wameacha kulima kwa ajili ya neno lako. Yule mzee aliyekushukuru nje ya kanisa alikuwa anakushukuru kwa kumcheleweshea chakula chake cha mwakani. Ulikosa hamu ya kula siku moja, ukaja kuniuliza kama safari iahirishwe mpaka mwakani. Mwakani watakula nini hao, santuri?

Na usithubutu kumfundisha huyo kijana maneno mawili ya samadi. Fikiria kidogo. Atasimama mbele ya watu wazima waliolima maisha yao yote, aseme alichokariri kwenye treni, nao kwa heshima ya baba yako wakifuate. Mahindi yakifa, atakuwa ameyaua yeye, na hapo ndipo utakapoona uchumba unavyokufa.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukuniuliza. Rudia barua yako, usome pale ulipoeleza kazi ya mchumba wako. Anasoma vitabu tu. Anasikiliza santuri tu. Anaandika tu. Kila kazi yake umeibandika hilo "tu" mgongoni. Baba yako hajaidharau kazi ya Asajile, maskini, hajapata hata nafasi ya kuisikia. Anayeidharau ni wewe. Wewe ndiwe unayeona haya, umemsingizia baba. Mimi sikusoma Amerika wala sijui hivyo vitabu, lakini yale maneno aliyokuambia kuhusu waliolimishwa pamba niliyaelewa mara moja, nikayasoma mara ya pili kwa kuyapenda. Kama mimi nimeyaelewa nikiwa nimekaa na kikombe changu cha chai, mwenyekiti wa kijiji kinachoimba kikilima hatayaelewa kwa nini? Mtu asiyejulikana awekwe wapi kazini kwake, akirudi kwa mchumba wake napo awekwe pembeni? Kama huwezi kusimama naye kwenye jambo hili, mwachie mwenzako aolewe naye, tena nasema kwa upole.

Kama unaweza, fanya hivi. Jibu hili nimekutumia kwa posta kabla halijachapwa, gazeti lenyewe litakuja nyuma yake. Ukilipata, usisubiri Jumapili. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nenda nyumbani siku hiyo hiyo. Anza na mama yako, jikoni, kwa Kifipa, umweleze yote bila kukata. Yeye anajua baba yako anaingiwa mlango gani. Kisha mfuate baba akiwa peke yake, siyo ofisini, siyo mbele ya wageni, piga magoti kama ulivyolelewa, na jambo la kwanza kutoka kinywani mwako liwe matuta. Mwambie mkwe si bwana shamba, watu wasimngoje, mvua zinakwisha. Yeye kama mwenyekiti atajua la kufanya na hilo shamba, na kama anaogopa agizo, amtume mtu kwa baiskeli akamlete bwana shamba halisi, petroli ipo au haipo. Habari za uchumba zije baadaye. Akikasirika, mwache akasirike. Akinyamaza, nyamaza naye, usianze kulia ili akuhurumie.

Halafu mwandikie Asajile, umweleze ulivyomfanya. Hilo nalo litakuuma, naye ana haki ya kununa. Gramafoni aje nayo, zawadi ni zawadi, lakini aje na nguo za kazi pia. Apewe jembe kama mkwe yeyote anayechumbia, alime kilichobaki kulimwa, awasikilize watu wanavyoimba shambani. Huyo ni mtu wa kutega sikio, atakuwa na mengi ya kuwauliza jioni, na wakimjibu, baba yako ataiona kazi yake kwa macho badala ya kusimuliwa na mtu anayeionea haya.

Utaniuliza kwa nini nachapa, wakati najua baba yako anausoma ukurasa huu. Nachapa kwa sababu nakufahamu sasa. Bila gazeti kuja nyuma yako ungeikunja barua yangu, ungeiweka chini ya godoro, ungengoja Pasaka. Afadhali baba yako aone haya jioni moja kuliko kijiji kikose cha kula mwaka mzima.

Na wewe mzee mwenyekiti, shikamoo. Najua umefika hapa na watu wamekaa. Ikiwa binti yako amekwisha kuja, basi haya si mageni kwako, wasomee watu bila wasiwasi, wacheke, na wewe ucheke nao. Ikiwa hakuja, pole sana, lawama nipe mimi. Mwite, lakini kabla ya kumwita watoe watu wakalime. Anakupenda na anakuogopa, na hilo la pili una uwezo wa kulipunguza. Yule kijana akifika Pasaka, mkaribishe, mpe jembe, kisha mwulize anafanya kazi gani, na safari hii msikilize mpaka amalize.