Tarumbeta ya Raundi ya Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Agosti

Wamekuja tena. Kinyozi Hagiwara mbele, Tokuda wa duka la pombe nyuma, wamevaa zile fulana zao za mashabiki. Rangi imefifia, matumbo yamezidi. Agosti ikiingia tu, hawa watu wanapandwa na wazimu. Nilikuwa nakata tofu, ile jibini ya soya tunayouza dukani kwetu. Sikuacha kukata.

Mwaka huu si kusikiliza kanda ya mechi yao tu. Ni miaka thelathini kamili tangu mechi ile ya besiboli kule Koshien, kwenye mashindano ya shule za nchi nzima, na uwanja wa mji umetengenezwa upya, na utafunguliwa Jumapili ya tarehe 16, siku ileile. Na nani atarusha mpira wa kwanza? Hagiwara akajijibu mwenyewe — Mitsuru, nani mwingine! Mume wangu.

Mitsuru alikuwa ameinamia beseni la maji. Akasema sawa. Sawa! Kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai.

Walipotoka nikamtazama. "Usiwaambie, Mama Chika," akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Niandike hapa, maana sina pengine pa kusemea. Mkono wa kulia wa Mitsuru hauvuki bega. Haujavuka tangu ana miaka kumi na minane. Magunia ya soya hubeba kwa kushoto. Shati namvalisha mimi. Mji mzima unamwita mkono wa dhahabu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kwamba hauinuki. Hagiwara amemkata nywele miaka yote hiyo! Kinyozi mzima, na macho yake mawili.

Alhamisi, 6 Agosti

Asubuhi nilisikia kitu uani. Pu. Kimya. Pu. Mitsuru anarusha mpira ukutani, kwa kulia, mkono umebana ubavuni. Mpira unafika hatua nne unaanguka. Nikajifanya naanua nguo. Nguo zenyewe nilikuwa nimezianika sasa hivi.

Mchana Hagiwara tena! Sasa anataka udongo. Timu ikishindwa Koshien, wachezaji huzoa udongo wa uwanja wakarudi nao nyumbani, na Mitsuru alirudi na chupa nzima. Wanataka kuumwaga kwenye kilima kipya cha mrushaji. "Shemeji, ule ni udongo mtakatifu," ananiambia, mkono kifuani. Nikasema nitautafuta.

Nitautafuta wapi? Mwaka aliozaliwa Chika nilihitaji chupa ya achari. Udongo nikautia kwenye chungu cha vitunguu majani. Na kila mwaka, siku ya kanda yao, vitunguu hivyo navikatia juu ya tofu ninayowapelekea. Wameila Koshien yao miaka ishirini na mitatu, wanalamba vidole, wanasifu harufu. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikapaliwa.

Jumapili, 9 Agosti

Siku ya kanda. Wameileta mbele wiki moja kwa sababu ya ufunguzi. Chumba cha nyuma cha kinyozi, wanaume wanane, feni moja. Matangazo ya redio ya mechi nzima, muda wa saa nne na dakika ishirini, na ni marufuku kuruka hata kikohozi cha mtangazaji. Mitsuru haendi kamwe. Husema ana oda. Naenda mimi na sinia.

Besiboli huisha raundi ya tisa. Ile ilikataa, timu ziko sare moja kwa moja, mpaka ya kumi na saba. Na mrushaji mmoja tu, mtoto wa shule, mipira mia mbili thelathini na moja. Hagiwara huihesabu kwa sauti. Mzee mzima, anahesabu maumivu ya mwenzake na kunywa bia.

Halafu ile mvua. Mwaka juzi ilikuwa manyunyu. Mwaka jana mvua. Leo imekuwa tufani! Eti mpira wa mwisho uliteleza kwa maji, ndiyo maana ukamruka mdakaji, mkimbiaji wa wapinzani akaingia, wakatushinda mbili kwa moja.

"Mvua ile, jamani! Hata mbwa asingetoka nje."

"Wewe Hagiwara, mvua uliionea wodini?" Tokuda huyo. Kweli, Hagiwara siku ile alikuwa amelazwa, amepasuliwa tumbo.

"Niliisikia redioni! Na wewe uliyekoroma tangu raundi ya kumi na moja, uliota?"

Wakacheka mpaka wakapigana mapaja. Mvua gani? Mimi nilikuwepo. Jua lilikuwa linachoma mabenchi. Mpira haukuteleza popote. Mkono uliisha.

Ilipofika raundi ya kumi na nne wote wakaweka bia chini. Mtangazaji anasema: Kumagai, yaani Mitsuru wangu, anautikisa mkono wake wa kulia. Anautikisa tena. "Moyo wa chuma!" Tokuda akasema, akaanza kufuta macho, na wengine nao, wanane, kwa taulo zao za shingoni. Miaka thelathini wanalisikia neno hilo na hakuna aliyewahi kuuliza: anautikisa kwa nini?

Halafu tarumbeta. Inapanda juu ya bendi nzima. "Sikieni vijana wetu walivyomtia nguvu!" Hagiwara akasema.

Tarumbeta ile ni yangu.

Bendi ya shule, mstari wa pili, umri miaka kumi na saba. Nilimwona akiutikisa. Niliuona uso wake alipogeuka kumtafuta kocha. Na nikapuliza kwa pumzi zangu zote.

Nilimwaga mchuzi wa soya kwenye mkeka. "Shemeji naye kaguswa!" wakasema. Wapumbavu. Wapumbavu wote, na mimi nikiwa wa kwanza.

Jumatano, 12 Agosti

Nimemwambia Mitsuru leo nakwenda kwa Hagiwara kumwambia. Nilishavaa viatu.

Akanizuia mlangoni. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Anasema: wamenipenda kwa mkono huu. Nikiwaambia umekufa, na umekufa siku ileile wanayoililia, watafanya nini na machozi yao yote?

Wayanywe! nikasema.

Akacheka kidogo. Kisha akasema — nayaandika kama alivyoyasema — "Raundi ya kumi na nne nilitaka kutoka. Nilimgeukia kocha kabisa. Halafu ile tarumbeta ikalia. Nikaona haya. Nikasema, yule anapuliza hivyo kwa ajili yangu, mimi nitatokaje?"

Nilikuwa nimeshika mlango. Nikavua viatu. Sikwenda kwa Hagiwara. Na yeye sikumwambia kitu. Miaka ishirini na mitano ya ndoa!

Jumamosi, 15 Agosti

Nimeng'oa vitunguu. Nimechota udongo wa chunguni, nimeuchekecha, nimerudisha kwenye chupa ileile. Bado unanuka. Hagiwara alikuja kuichukua, akaipokea kwa mikono miwili, akainama kama yuko hekaluni, akanusa. "Harufu ya Koshien yenyewe," akasema.

Mitsuru alikuwa nyuma yangu. Akaangalia chungu kitupu, akaniangalia mimi. "Kesho tofu tutakula na tangawizi tu," akasema. Kumbe alijua siku zote.

Usiku huu bega limevimba. Amerusha ukutani siku kumi mfululizo. Daktari wa zamani alimwambia likichanika tena hatashika hata bakuli. Ameniagiza nipige pasi shati jeupe.

Jumapili, 16 Agosti

Naandika hapahapa uwanjani, nyuma ya karatasi ya ratiba. Siwezi kutazama, bora niandike.

Meya amehutubu. Hagiwara amemsimulia hadi meya habari za tufani. Udongo wangu umemwagwa kilimani mbele ya watu wote, na kimzizi kimoja cha kitunguu kimebaki juu, nakiona kutoka hapa. Jua kali. Hakuna wingu.

Mitsuru amepanda. Shati jeupe. Wamempa mpira. Kwa kulia! Nilidhani atashika kwa kushoto, nilimwomba asubuhi, akasema watu wamekuja kuuona huu.

Hajarusha. Mkono umefika kifuani umesimama.

Tokuda ameanza kulia. Anasema, tazama, anakumbuka. Mstari mzima sasa wametoa mataulo. Anakumbuka! Mtu ameshikwa na maumivu mbele yao, mchana kweupe, na wao wanamlilia kwa furaha.

Amegeuka. Anatafuta mtu huku kwetu. Kocha alishakufa, anamtafuta nani?

Anautikisa mkono.

"Vilevile kama siku ile!" Hagiwara anapiga kelele. "Mpigieni! Bendi, mtieni nguvu!" Bendi ya shule wamenyanyuka. Msichana wa mstari wa pili anaweka tarumbeta mdomoni, anavuta pumzi —

Nimesimama. Nimemwita kwa jina, toka Mitsuru, inatosha, toka! Sijui kama sauti imefika. Nitamwita tena. Watu wote wamenigeukia, na Hagiwara ananivuta nguo, kaa chini shemeji, unatuziba, kaa!

Sikai.