Piesi Arobaini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ombeni amekula chaki ya kushonea sasa hivi. Ile ya bluu, ya Maman Neema, mukubwa wa atelie yetu ya kushona. Kipande kimoja nimekitoa mu kinywa na kidole, kingine amemeza. Anacheka, meno yake mawili ni ya bluu. Nimemupa maji, nimemuangalia sana. Iko muzima. Maman Neema amecheka mpaka amesimamisha mashini: "Mama Ombeni, mwana wako atakula atelie yote, tutashona na nini?"

Sampuli ya Muchina imefika. Kitambaa kidogo kama kiganja changu, ndege nyeupe juu ya bluu. Tumekifua na sabuni, tumekianika, tumekisugua ku shati nyeupe. Rangi haikutoka. Bamama sita tumekizunguka kama mutoto mupya.

Ni ya korali ya bamama mu kanisa moja la Lilongwe. Bako arobaini. Banataka robe, gauni za kushona, za namna moja kwa sikukuu yao ya mwezi wa sita. Ku soko hakuna kitambaa kimoja cha kutosha batu bote. Njo maana tunaagiza China, ku kiwanda chenyewe. Mara yetu ya kwanza. Tukifaulu, hatutakaa tena kungoja batu balete suruali za kupunguza kiuno.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeandika oda. Mi, niliyeishia ya sita ya primaire. Bamama banasema mi njo najua simu. Naandika Kifaransa changu kidogo, simu inageuza Kingereza, Muchina anajibu.

Aliuliza ngapi. Piesi arobaini. Kila mama piesi moja, kama kwetu Bukavu: yadi sita, inatoka robe, kitambaa cha kichwa, na ya kujifunga inabaki. Aliuliza urefu. Nikasema wa kawaida. Akauliza tena: kawaida ya Malawi? Nikasema ndiyo, Malawi. Si mzigo unakuja huku.

Bei ilikuwa ndogo kuliko tulivyofikiri. Maman Neema alipiga magoti akashukuru Mungu. Sasa ananiita Madame Import. Nimesikia vizuri mu moyo. Vizuri sana.

Jumatano, tarehe 23 Aprili

Meli imefika Dar. Bwana Banda wa Kawale, kule Lilongwe, ametuma habari. Yeye ni Mumalawi, anaingiza mizigo ya batu bengi pamoja, na yetu iko kati, kwa sababu sisi bakimbizi ba hapa kambi ya Dzaleka hatuna karatasi ya kuagiza kwa jina letu. Bado lori. Bado mpaka. Bado forodha.

Bamama bamepima korali yote. Mabega, kifua, kiuno. Daftari imejaa. Maman Neema amekataa kazi ya nguo za shule ili mashini zikae tayari.

Ombeni amesimama peke yake. Akaanguka. Akasimama.

Jumanne, tarehe 20 Mei

Mzigo umefika. Nilikwenda Kawale na Ombeni mu mgongo. Bwana Banda aliuleta mwenyewe, kwa mkono mmoja. Nilifurahi. Nikasema ni mwepesi, nitapanda nao minibasi bila shida.

Kisha nikaogopa. Piesi arobaini hazibebwi na mkono mmoja.

Nilifungua. Ndege nyeupe, bluu ile ile. Kila kitambaa meta mbili. Nilipima na mkono, nikapima tena. Bwana Banda hakuona shida yoyote. "Si chitenje?" aliuliza, akaniita mama kwa Kichewa. "Chitenje ni meta mbili, mayi."

Kawaida ya Malawi.

Chitenje: kitambaa cha kujifunga tu. Robe haitoki mule, si kwa bamama bale. Nimesoma maneno yote ya Muchina ndani ya minibasi, toka mwanzo. Alituma alichoombwa. Kosa ni langu.

Jumatano, tarehe 21 Mei

Nimebaambia bamama. Maman Neema alikunja kimoja, akakikunjua, akakikunja. Mama Chantal, anayekaa ku mashini ya mlangoni, njo alisema: "Madame Import ametuletea vitambaa vya kupangusa kamasi." Babili bakacheka. Mi pia nilitaka kucheka, nikashindwa.

Kuagiza tena, hapana. Meli haiwezi kufika kabla ya sikukuu. Na kazi ya nguo za shule imekwisha kwenda kwa mushonaji mwingine.

Nilinyonyesha inje, nyuma ya atelie.

Jumapili, tarehe 25 Mei

Lilongwe, na Maman Neema. Nilisimama mi mwenyewe mbele ya Mayi Mwale, mukubwa wa korali. Nilisema kosa ni langu, asilaumu atelie. Kichewa changu ni kibaya, nilisema na mikono.

Alichukua kimoja. Akakifunga kiunoni mara moja tu, kama anavyofunga kila asubuhi. Akageuka. Bamama bengine bakapiga vigelegele. Mayi Mwale akasema blauzi nyeupe kila mutu iko nayo ku nyumba. Itatosha hivyo hivyo. "Zikomo kwambiri," akatushukuru, na akanikumbatia pamoja na Ombeni.

Korali imeokoka. Sisi hapana. Chitenje hakishonwi. Robe arobaini za kushona na kulipwa, hakuna hata moja. Maman Neema alimushika Mayi Mwale mkono vizuri, akatabasamu. Mu minibasi aliangalia dirisha mpaka Dzaleka.

Bora angenitukana.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Jana korali iliimba. Nilikwenda peke yangu, nikasimama nyuma. Balipocheza, ndege nazo zilicheza. Nzuri mpaka inauma. Nilitoka inje nikalia. Ombeni akanipangusa uso na mkono uliojaa mafuta ya mandazi.

Leo nimekutana na Mama Chantal ku maji. Amesema Barundi ba hapa mu kambi balikuwa kule jana, bameona kitambaa, banataka robe za arusi. Ishirini. Robe za kweli, za kushona. Oda itakwenda China wiki hii. Hakusema nani ataiandika. Alibeba ndoo yake akaenda.

Toka siku ile ya Lilongwe sijaingia atelie. Naogopa macho yao. Baba Ombeni anasema niende kuomba banipe nafasi tena. Yeye anaendesha kabaza, baiskeli ya kubeba batu, akianguka anapanda tena baiskeli yake. Kwangu mimi ni baiskeli ya batu sita.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Baridi. Vumbi. Ombeni ametembea toka kitanda mpaka ndoo, akakaa pale kama mutu amefika safari yake. Nachagua maharagwe. Mawe nayatia pembeni, yeye anayarudisha.

Nimewaza sana. Ningeandika meta, na ningetuma picha ya mutu ameshika kitambaa kimefunguka chote. Nimeelewa. Lakini kuelewa kwangu kumekula kazi ya bamama batano bengine, na hawana deni la kunipa oda mara ya pili. Sina kinyongo. Nataka tu bapate ile arusi.

Nitauza nyanya kama zamani, kabla ya atelie. Si aibu. Ombeni ananenepa, anakua, na mwaka kesho labda...

Maman Neema iko inje, anaita jina langu. Anasema niache maharagwe, Muchina anangoja jibu la oda ya arusi, banakaa bote banaangalia simu na hakuna mwingine wa kuandika, nimubebe mutoto tu hivyo hivyo, na mi nakwenda, safari hii nitaandika meta.