Nyama ya Ejo

Shangazi Shamsia mpendwa, naomba msaada wako, na usinicheke kabla hujafika mwisho, maana shida yangu si ya mapenzi, ni ya neno moja tu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimezaliwa Kasulu mjini kwa wauza vitenge, nyumbani tunaongea Kiswahili, na somo la mbinu za utafiti limetutuma kijijini Makere kuuliza kila kaya ilikula nini jana, ili matokeo yapelekwe kwa akina mama wa kanisa wanaochagua kitongoji cha kupewa mbegu za maharage. Kiha changu ni cha dukani, kwa hiyo rafiki yangu Aline, ambaye hiyo ndiyo lugha ya kwao, aliuliza na mimi nikaandika, na kwenye dodoso tulikuwa tumefupisha swali likabaki "Chakula cha jana", naye akalisoma hivyohivyo kwa Kiha, chakula cha ejo, watu wakajibu vizuri tu, ugali wa muhogo, maharage, wengine wali, wengine nyama, mpaka tukashangaa kitongoji kinavyoshiba.

Juzi nikarudi peke yangu kumsalimia Mama Winifrida, mmoja wa waliotutajia nyama, nikamtania kwamba nimefuata makombo, akanishangaa, akasema, "Nyama ipi, mwanangu? Niliwaambia ya ejo. Kijana wangu Nestori yuko Kibondo, alisema akija ataninunulia." Shangazi, hapo ndipo nikakumbuka kwamba ejo kwa Kiha ni jana na pia ni kesho, na huyo Nestori mpaka leo hajafika. Aline anasema tuwafute wote waliotaja nyama, wastani utakaa sawa, msimamizi atajuaje, na nikimweleza msimamizi tutafeli wote wawili na urafiki utaisha. Nifanyeje?

Mwanaamina, Kasulu

Mwanaamina, nimezoea barua za waume waliopotea. Yako imenifanya chai ipoe. Nimemuuliza mume wangu, Muha mzaliwa wa Titye, habari za ejo, naye akaniuliza, "Ejo ipi?" Miaka yote nimeishi naye sikuwahi kujiuliza anajuaje. Akanieleza kwamba kitenzi ndicho kinachosema kama umeshakula au utakula. Ninyi mlikikata kitenzi ili karatasi ipendeze. Lawama ni ya wote wawili, usimtwishe Aline peke yake.

Mlichokipata kinanivutia kweli, ila hakijibu swali lenu. Baadhi wamewaambia walichokula, wengine wanachongojea, na kuvijumlisha ni kama kupima mihogo iliyo sufuriani pamoja na iliyo bado shambani. Wastani utatoka, tena mzuri, na hautamhusu mtu yeyote. Kufuta nyama ni vibaya zaidi. Kama kulikuwa na harusi na wapo walioila kweli, je? Na aliyesema ugali akimaanisha kesho, utamjuaje? Hapo unafuta kinachokuaibisha, halafu unajidai unasafisha takwimu.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi, na nasema kesho ya Kiswahili, nendeni kwa msimamizi wote wawili mkaseme wenyewe, muombe muda. Andikeni swali zima lenye kitenzi chake. Lijaribuni kwanza kwa majirani wa Aline, kila mmoja awaambie kwa maneno yake alivyolielewa, ndipo mrudi Makere kwenye kaya zilezile. Na hilo kosa liwekeni ndani ya ripoti, msilifiche, litawafaa watakaokuja kuuliza baada yenu. Mkipunguziwa alama mtapona. Kitongoji kikikosa mbegu kwa ajili ya nyama ambayo haijafika, pole zenu hazitapikika. Aline akinuna, mwache anune; atakushukuru akishatulia.

Na ukifika kwa Mama Winifrida, usitangulize karatasi. Muulize kwanza kama Nestori amerudi. Alikupa tumaini lake, mwanangu, na wewe ukaliandika shibe.