Sikio Kabla ya Sindano: Mwaka Mmoja Bila Viateur

Siku ile mpumbavu alikuwa Évode, mdogo wako. Tunaanza na hilo, Viateur, kwa sababu kalamu ameishika yeye mwenyewe, na sisi wa nyumbani tumesimama nyuma yake kuhakikisha haruki mstari.

Mwaka umezunguka, mpendwa wetu, tangu Ijumaa ile ya tarehe 12 Juni 1992 ulipotutoka. Mwaka mzima watu wanaingia hapa wanatuambia poleni, ni mapenzi ya Mungu. Tumechoka kumsingizia Mungu. Ndiyo maana karatasi hii hatuiweki sebuleni pembeni ya picha yako. Tunaibandika nje, kwenye lango, mtaa wote huu wa Rwezamenyo, hapa Kigali, upite usome, na waliokuwa na wembe wasome mara mbili.

Ulikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe na mbuzi. Mbwa hukuwatafuta. Vita ilipoanza Oktoba 1990, Wazungu wa mtaa wa kitajiri wa Kiyovu walipanda ndege na masanduku yao, mbwa wakabaki wamekaa kwenye mageti wakisubiri gari lirudi. Wiki ya pili njaa iliwatoa, wakateremka mitaani kwetu, wakakutana na mbwa koko wa hapa, wakaanza kuzaliana kama vile wamepewa amri. Wewe ukaleta wawili nyumbani. Halafu watano. Walikuwa hawasikii lugha ila Kifaransa. Ukiwaamrisha kwa Kifaransa wanaketi wima kama watoto wa misheni. Évode akakuambia, "Kaka, hawa wamesoma kunizidi. Watanidharau mbele ya wageni."

Mama yetu, Mukankusi, hakucheka. "Mwanangu, watu wanafuga cha kukamua. Wewe hapa unakamua nini?"

"Usingizi wa mtaa, mama," ukamjibu. "Wasipozaa hovyo hawatakuwa kundi. Wasipokuwa kundi hawatauma watoto wa watu."

Basi Jumamosi zikawa za mbwa. Uling'oa mlango wa stoo ukaulaza juu ya mapipa mawili, ikawa meza. Vestine, mke wako, mkunga kwa kazi yake, alichemsha visu na makasi katika sufuria ya maharage, na mpaka leo maharage ya nyumba hii watu wanayala kwa kuyachungulia. "Juma zima nazalisha wanawake," alikuwa akisema, "Jumamosi nafunga uzazi wa mbwa. Siku ya kiama sijui nitapanga foleni ipi." Évode, aliyekwisha kufukuzwa kazi nne na kupigwa na maisha kila upande, kwako alipata kazi ya tano: kukamata. Ulikuwa humwiti kwa jina. Ulikuwa unapaza sauti tu kutoka mezani: "Shika mbwa!" Naye anajitupa kama kipa.

Jirani yetu Mzee Amuri, Mwislamu wa sala tano, hakugusa mbwa hata mmoja. Lakini kila Jumamosi alileta ndoo mbili za maji akazitua langoni. "Mate yao yatanitaka nioshe mkono mara saba, bwana daktari," alisema. "Maji hayanitaki chochote. Chukua."

Sheria yako ilikuwa moja, na uliisema mpaka kuku wa uani wakaijua. Kwanza sindano ya kichaa cha mbwa. Pili kisu, dume unamhasi, jike unamtoa kizazi. Mwisho kabisa, mbwa akiwa bado amelala kwa dawa, unakata pembetatu ndogo kwenye ncha ya sikio la kushoto. Kovu hilo lilimaanisha: huyu amechanjwa, hatazaa, mwacheni aishi. "Sikio ni muhuri," ulimwambia Évode. "Muhuri hautangulii barua."

Akaitikia, "Ndiyo, daktari." Akasikia kama anavyosikia mahubiri.

Halafu, Machi ya mwaka jana, ikaja gari yenye kipaza sauti. Mkubwa mmoja, ambaye jina lake hatutalipa nafasi katika karatasi yako, alitangaza kwamba Jumatatu nyama ya sumu itawekwa mitaani, na mbwa wenye kovu la sikio tu ndio wanaoruhusiwa kufungiwa ndani ya nyumba, wasidhurike; wengine wote waachwe nje. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi meza yako iliweza mbwa wanane. Walikuja arobaini. Wewe na Vestine mlikata na kushona tangu asubuhi mpaka mikono ikakataa, mkafikisha kumi na mmoja, wenye mbwa waliobaki ukawaambia wawafunge kamba nyumbani kwa siri mpaka zamu yao ifike.

Jumapili ulikwenda Rebero kumtazama ng'ombe aliyekwama kuzaa. Évode alibaki nyumbani peke yake na birika la chai. Akaja Valens, mchoma mishikaki, rafiki yake tangu utotoni, amemvuta Kapiteni, mbwa wake wa kahawia mwenye ncha nyeupe ya mkia.

"Évode, mwana wetu, nisaidie. Huyu iko na siku moja tu ya kuishi."

"Mfunge kamba, kama kaka alivyosema."

"Anatafuna kamba! Wewe unamujua Kapiteni. Kata sikio tu nimufungie ndani, sindano nitamuleta Jumamosi, naapa."

Évode alimtazama Kapiteni, na Kapiteni akamtazama. Akachukua mkasi. Hata chai haikuwahi kupoa. Valens akatoka, akakutana na wengine njiani, na kabla hujarudi kutoka Rebero Évode alikuwa amekata masikio saba, watu wanamshika mkono, wanamwita daktari. Yeye, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwita chochote zaidi ya "wewe". Alifurahi, Viateur. Tumemlazimisha aandike na hilo: alifurahi.

Jumamosi iliyofuata hakuja hata mmoja kati ya wale saba. Wangekuja kufuata nini? Walikwisha kupata muhuri.

Na si Évode peke yake. Baadaye tulikuja kujua kwamba mtaani kote watu walikata wenyewe, kwa wembe, kwa kisu cha jikoni, mmoja kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Waliona kovu ndilo dawa.

Sasa siku yenyewe. Mwisho wa Aprili, mchana, wewe na Évode mnatoka sokoni. Kando ya barabara mbwa wa kahawia amesimama, taya limelegea, mate yanadondoka. Évode alijua kabla hujamfikia. Ile ncha nyeupe ya mkia.

Wewe ulitazama sikio. Ulitazama sikio kwanza, kama ulivyotufundisha wote, ukaona kovu, ukatulia. "Huyu ni wa kwetu, si kichaa. Taya likilegea hivi ni mfupa umekwama kooni. Shika mbwa."

Évode akamshika. Kichwani alikuwa na neno moja la kusema, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kukosa neno, hata kwa polisi, hata msibani. Aliogopa utamgombeza mbele za watu. Akafikiri: huenda ni mfupa kweli. Akatoa mzaha badala ya neno: "Kaka, ukikuta mnofu humo tugawane."

Ukacheka. Ukaingiza mkono.

Mkwaruzo ulikuwa mdogo, kwenye kidole gumba. Nyumbani Vestine aliusugua kwa sabuni mpaka ukalalamika, akakuambia uende hospitali ukachomwe. Ukamjibu: "Sindano zenyewe zimebaki chache. Mtoto wa mtu akose kwa ajili ya mbwa niliyemchanja mwenyewe?" Évode alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno. Akaenda kunywa maji.

Kapiteni alikufa siku ya pili. Valens akamzika nyuma ya choo na kutangaza ameibwa. Évode anapenda kuamini kwamba angejua hilo angesema. Ushahidi hana.

Wiki sita baadaye ulianza kulalamika kidole kinawasha. Halafu ukakataa chai. Halafu Vestine akakuletea maji kwenye kikombe, koo lako likakaza kama la mwenye kichaa cha mbwa, na mlitazamana nyinyi wawili, mkunga na mtu wa mifugo, hakuna aliyehitaji kuuliza. Hapo ndipo Évode alipoanguka magotini akasema yote.

Hukumtukana. Tungependa ungemtukana. Ulisubiri pumzi irudi, ukauliza, "Mangapi?"

"Masikio saba, kaka."

"Kawatafute."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyomwambia yakaeleweka.

Alikwenda. Siku mbili alizunguka mpaka Kinyinya, kwenye mashamba, ambako mmoja alikuwa amehamishiwa kwa shangazi wa mtu. Aliwapata sita, akawaleta wote uani, Vestine akawadunga huku machozi yanamtiririka ndani ya barakoa, akawafunga mbali na watu wachunguzwe. Wa saba alikuwa Kapiteni. Ndipo Évode akamkamata Valens shingoni, Valens akamwonyesha nyuma ya choo.

Wewe ulikwisha kuondoka asubuhi ile.

Tuseme sasa la matanga yako. Walikuja wote, waliokata kwa wembe na waliokata kwa kisu cha jikoni. Walikalia viti vyetu. Mmoja akashika kichwa, akasema, "Mbwa hana shukrani jamani, aliyemlisha ndiye aliyemuua." Wengine wakaguna kukubali. Pembeni ya kiti chake amelala mbwa wake mwenyewe, sikio limekatwa mstari ulionyooka kama wa daftari. Wewe ulikata pembetatu! Mzee Amuri aliweka ndoo chini, akamwambia yule bwana, "Mate ya mbwa nayajua, naoga mara saba, yanaisha. Hilo ulilolisema sasa hivi, utaliogea wapi?" Yule bwana akatafuta viatu vyake.

Na mkubwa wa kipaza sauti alituma salamu za rambirambi, na chini ya salamu shauri kwamba sasa mbwa wote wauawe, wenye kovu na wasio na kovu, kwa heshima ya marehemu. Kwa heshima yako, Viateur! Mbwa mia mbili na zaidi uliowachanja kwa mkono wako, wauawe kukuheshimu. Mama aliichana karatasi ile vipande vidogo, akawashia jiko.

Lakini hata Mama, Jumamosi iliyopita tulipokutana kupanga kumbukumbu hii, alisema basi. Tangu ufe mlango ule umerudishwa kwenye stoo na mapipa yamejaa maji ya mvua. Mbwa wanazaa tena. Chini ya ukuta wa Mzee Amuri kuna watoto tisa. Vestine alikuwa amesema jambo moja tu: siku ya kumbukumbu ni Jumamosi, baada ya misa atang'oa mlango. Amejifunza kukata kwa kusimama kando yako karibu miaka miwili. Na alama safari hii itakuwa namba ya wino ndani ya paja, iliyoandikwa pia kitabuni, mahali wembe wa jirani haufiki.

"Kazi hiyo imenilia mtoto," Mama akasema. "Sitaki kusikia mbwa analia ndani ya ua huu."

Valens naye alikuwepo. Ndiyo, anakuja, anakaa karibu na lango, hajaambiwa karibu wala hajafukuzwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama iko na haki. Tuache. Mbwa ndiyo ilimuua."

Vestine alikuwa anapanga makasi kwenye kitambaa. Hakuinua uso. "Mbwa alimuuma, Valens. Kumuua tulimuua kwa mkasi na kwa kunyamaza. Mbwa hajui mkasi."

Mama akayahesabu makasi kwa macho. Kisha akainuka, akaichukua sufuria ya maharage, akaanza kuisugua kwa majivu. Hakusema ndiyo. Wewe unamjua, ungeelewa.

Kwa hiyo, mpendwa, tunakukumbuka na kazi mkononi, na hasira bado haijatuisha. Misa ni leo asubuhi. Baada ya misa, mwenye mbwa na amlete. Mwenye mbwa aliyekatwa sikio kwa wembe na amlete wa kwanza, hataulizwa kitu, ila asithubutu kutuambia ni mapenzi ya Mungu.

Unakumbukwa na mama yako Mukankusi. Mke wako Vestine. Binti yako Uwase, aliyeanza kuhesabu kwa kuhesabu mbwa wako. Mjomba wako Nduwayo. Jirani yako Mzee Amuri, ambaye amekwisha kutua ndoo mbili langoni. Maadamu kuna sikio la kushoto lenye pembetatu linatembea mtaani humu, hutasahaulika.

Limebaki jina la Évode. Aliomba lisiandikwe kati ya wanaokukumbuka. Aliomba pia Jumamosi hii atafutwe mtu mwingine wa kukamata. Akamnyooshea Vestine mikono yote miwili, viganja juu. Mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na utani.

"Shemeji, mikono hii ndiyo iliyomuua kaka. Nitamshikaje mbwa mbele yako?"

Vestine akaitazama mikono ile, akamrushia kamba.

"Ndiyo mikono pekee Kigali hii ambayo haitatangulia sindano tena. Shika mbwa."