Sisimizi wa Dady

Laetitia, natoka sasa hivi ofisini kwa prefe, mkuu wa shule yetu.

Baba ya Dady alikuja na wakili kutoka Kasongo. Wanamshitaki muuguzi wa internat, bweni letu. Siku nne alimtibu Dady malaria, akamtundikia dripu ya serumu yenye sukari, kumbe ni ugonjwa wa sukari. Na Jumamosi tukamzika.

Muuguzi akaapa: «Hakuna mutu aliniambia kitu!»

Nikasimama kwa heshima zote. Nikasema nilimwambia Jumatatu kwamba Dady anamaliza bidoni zetu za maji, na sisimizi wanajaa pale anapokojoa.

Prefe akaguna: «Weye? Si weye ulisoma kwa mchezo tangazo la kifo cha mwalimu wa hesabu, naye iko muzima?»

Hakuna aliyeniamini, Laetitia. Hakuna!

Baba ya Dady tu ndiye aliyesema: «Mwanangu, ulimwambia namna gani?»

Nikasema ukweli. Nilisimama kando ya kitanda cha Dady, nikatangaza kama hakimu: «Mushitakiwa Dady anakojoa asali!» Muuguzi alicheka. Mimi nilicheka. Dady pia.

Wakili akaandika.

Baba akauliza: «Dady alicheka?»

«Ndiyo, Papa. Sana.»

Akaniomba nirudie pale tu, pale Dady alipocheka.