Orodha ya Mlangoni

Lubumbashi, 14 Aprili 1991

Mwanangu Olive,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ni goti la mama yako tu linalosumbua. Wewe na mumeo Pierre mko aje huko Sakania?

Chama chetu cha Katikati kimefikisha watu mia tatu! Mimi Mkatanga ni rais, baba mkwe wako Raoul, Mkasai, ni makamu. Wanatucheka: "Mu katikati ya barabara njo motoka inagongeaka bantu." Acha wacheke, hatutagongwa na gari lolote. Vyeo tumegawana nusu kwa nusu, Wakatanga na Wakasai, na orodha nimeibandika mlangoni mwa ofisi: jina, asili, avenyu, namba ya nyumba. Kila mtu aione haki yetu.

Baba yako

Sakania, 2 Agosti 1992

Baba mpendwa,

Hamjambo wote? Huku tunapumua tu. Abiria wa treni wanasema vijana wa Kikatanga huko wanawasaka Wakasai. Pierre hali chakula. Baba, nakupigia magoti, toa ile orodha leo. Wakwe zangu wamo, na namba ya nyumba yao.

Mwanao Olive

Lubumbashi, 9 Agosti 1992

Mwanangu,

Tunaendelea, Mungu yupo. Tumebaki kumi na tisa. Kila mtu amekimbilia kwa watu wake. Raoul mwenyewe amekataa orodha iondolewe: "Iache paka vile, président. Tukiitosha, parti inakufa." Usiogope. Vijana hao wengi niliwafundisha shuleni, wananiheshimu.

Baba yako

Lubumbashi, 30 Agosti 1992

Olive,

Leo sina salamu. Vijana walikuja saa tano asubuhi, wakabandua orodha, wakaenda nayo nyumba kwa nyumba. Raoul alitoka kuwasalimu. Wamemuua. Mama mkwe wako Constance nimempandisha treni ya kuja kwenu. Chama kimekwisha. Ulinionya, na mimi ndiye niliyeiandika karatasi ile kwa mkono wangu. Nakuja kumwomba Pierre msamaha.

Baba yako

Sakania, 12 Septemba 1992

Baba,

Mama Constance amefika. Alikuwa ameifunga ile karatasi kwenye kitenge. Waliiangusha uani, karibu na maiti. Hajui kusoma. Pierre ameisoma yote, kisha akauliza mwandiko ni wa nani. Anasema wewe, baba mkwe wake, huwezi kufanya ujinga huu, lazima ni katibu wa chama chenu. Nimemwacha aamini hivyo.

Nina hasira nawe, baba, na bado nakupenda, na mimba yangu ina miezi mitano. Barua zako zilifika shuleni ninakofundisha, Pierre hakuziona, nami nimezichoma zote. Kesho tunavuka mpaka kwenda Ndola, Zambia. Mwambie katibu ahame, Pierre asije akamtafuta. Wewe usije, na usituandikie tena. Pierre akiona bahasha moja tu, ataujua mwandiko wako.

Mwanao Olive