Niling'oa Majani Nyuma ya Mpira wa Rafiki Yangu

Mpendwa mshauri Mama Blandina, shikamoo, naomba msaada wako maana chakula hakipiti na hapa Karatu kila mtu ananipongeza. Mimi ni kijana wa Kakesio, msimu mzima nimekuwa kedi, yaani mbeba begi la fimbo, wa Ngoyai, mwenzangu wa rika, aliyeanza kwa kukata nyasi za hoteli na sasa ni mchezaji wa gofu wa kulipwa, tukazunguka Kenya na Uganda kwenye mashindano ya wanaochipukia, ambako watano bora wa msimu wanapandishwa daraja. Chumba tulikaa watatu, na Hhando wa Mang'ola, mchezaji pia, ndiye alitupikia ugali.

Mama, mchezo huu mshindi ni mwenye mikwaju michache, na hauna refa wa kukufuata, unajishtaki mwenyewe. Uganda, ndani ya miti, fimbo ya Ngoyai iligusa mpira ukasogea kidogo tu, nikamwambia, "Nani kaona?" akasema, "Mimi," akajiongezea mkwaju wa adhabu, akatolewa kwa mkwaju huohuo, kisha akala akashiba. Nimechunga ng'ombe simba wakitutazama, sijawahi kuogopa kiumbe kama nilivyomwogopa yule.

Sasa shimo la mwisho la msimu mpira uliangukia majani marefu, Ngoyai akatangulia kuangalia bendera, na kwetu ukiomba amani unang'oa majani unayashika, basi mkono ukaenda wenyewe, nikang'oa konzi zima nyuma ya mpira nikiomba. Yakiwa mkononi ndipo nikakumbuka kuwa kedi akisafisha palipo na mpira, mchezaji anaongezewa mikwaju miwili. Nikayatia mfukoni. Ngoyai akarudi, akapiga, mpira ukapanda juu ya miti ukatua hatua mbili kutoka shimoni, watu wakasahau hata kupiga makofi. Akawa wa tano. Hhando wa sita, kwa mkwaju mmoja, na amerudi kwao kumwagilia vitunguu. Wiki ijayo Ngoyai anasaini nafasi yake. Nikisema nitamharibia, nikinyamaza nitamtazamaje?

Kedi, Karatu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Gofu naijua kwa kuona wageni wanavyotafuta mipira vichakani, kwa hiyo sheria waulize wenyewe. Watu nawajua kidogo. Mkono ulienda wenyewe, nakubali. Kwenye mfuko ulikwenda na akili zako zote.

Unasema unaogopa kumharibia. Acha uongo. Unajua kabisa atakachofanya, ulikiona Uganda, na ndicho kinachokutisha: atajishtaki tena, bila hata kukukaripia. Nimesoma habari zake mara tatu nikashindwa kuendelea na chai. Watu wa hivyo huletewi wawili katika maisha, na huyo ndiye uliyemkalisha kwenye kiti cha mwenzake bila yeye kujua.

Usiende kwa wasimamizi nyuma ya mgongo wake. Usimtumie meseji. Nenda kwa miguu yako, mwambie kama ulivyoniandikia, ila ufupishe. Kupeleka habari mbele ni juu yake. Wewe utakwenda naye, useme ulichofanya. Uamuzi ukitoka, uwe wowote, panda gari mpaka Mang'ola umweleze Hhando uso kwa uso. Ukiachishwa begi, shukuru kwamba ulilibeba.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini Kakesio haina makedi wawili. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumanne. Gazeti linafika Karatu Jumamosi asubuhi.